Warioba: Waziri Mkuu aliyegeuka jaji wa bahari

Wapo wanaoamini mwanasiasa akishaonja ukubwa hafai tena kukalia kiti cha hukumu. Eti keshazoea kufuata upepo. Msomaji wangu wa Tanga, kabla hujakubali, mtazame Jaji Joseph Sinde Warioba.

Mzee huyu wa Bunda alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali toka 1976, akawa Waziri wa Sheria 1983, kisha Waziri Mkuu 1985 mpaka 1990. Mwaka 1995 akagombea ubunge kwao, akaangushwa na Stephen Wassira wa NCCR-Mageuzi. Hakuishia kununa. Alikwenda mahakamani, na matokeo yale yakaja kutenguliwa.

Mwaka 1996 akachaguliwa kuwa mmoja wa majaji 21 wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, kule Hamburg, Ujerumani. Mtu wa ziwa kuamua kesi za maji chumvi! Lakini bahari aliijua kitambo, maana miaka ya themanini aliongoza tume ya Umoja wa Mataifa iliyoandaa kuanzishwa kwa mahakama hiyo.

Mvuvi wa Deep Sea au Sahare asiseme hayamhusu. Sheria hiyo ya 1982 ndiyo inayoipa nchi haki ya samaki hadi maili 200 za baharini. Mgeni akija kuvua humo bila kibali, anaiba.

Sasa sikia. Mwaka 1997 nchi ya Guinea iliikamata meli ya mafuta, Saiga, iliyokuwa ikiuzia dizeli meli za uvuvi kwenye bahari yake. Kesi ikafika Hamburg. Julai 1999 majaji 18 wakasema Guinea imekosea, ilipe fidia ya zaidi ya dola milioni mbili. Wawili tu wakakataa: Ndiaye wa Senegal na Warioba wetu. Hoja yake ilikuwa kwamba usajili wa meli ile ulikuwa umekwisha muda ilipokamatwa.

Walioshinda ni wale 18, sawa. Lakini mfuata upepo hawezi kuwapinga watu 18 mchana kweupe, tena kwa maandishi.

Kwa hiyo tukichagua wajumbe wa baraza la kata, wa kutusuluhisha ugomvi wa viwanja na mashamba, tusihangaike na chama alichotoka mtu. Tumuulize: siku wenzako wote wakisema ndiyo, nawe ukaona sivyo, utathubutu kusema hapana?

Haya, tukutane wiki ijayo, inshallah.