Pikipiki mpya isianze na magunia

Jina la bodaboda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, enzi za baiskeli. Leo mizigo inavushwa kwa pikipiki, na nyingi zimechukuliwa kwa mkataba. Inatoka dukani asubuhi. Mchana imeshafungwa magunia mawili, kwa kuwa jioni mwenye chombo anataka hesabu.

Hasara inaanzia hapo. Katika injini mpya, ringi za pistoni na ukuta wa silinda bado havijazoeana. Vinahitaji kusuguana taratibu. Pikipiki ikilemewa na kupigwa resi hadi mwisho, joto hupanda na silinda hukwaruzika. Baadaye injini hula oili, hutoa moshi na kuishiwa nguvu mlimani.

Watengenezaji wengi huagiza upole katika kilomita 500 hadi 1,000 za mwanzo: mzigo mwepesi, mwendo usiokuwa mmoja muda wote, na oili ya kwanza imwagwe mapema, maana imebeba chembe za chuma.

Madereva wengi wanayajua haya. Kinachowashinda ni hesabu. Basi mkataba wenyewe useme kwamba wiki mbili za kwanza hesabu ni nusu. Mwenye pikipiki asione amepunjwa. Injini ikifunguliwa kabla ya mkataba kwisha, hasara ni ya wote wawili. Naye mfanyabiashara mwenye haraka atafute pikipiki iliyokwisha kuzoea kazi. Mzigo utavuka siku hiyo hiyo, na ile mpya itadumu kuvusha mingine.