Miguu Ikigoma, Mtoto Asizomewe

Jioni, pembeni ya karasha za kusaga mawe ya dhahabu za Katoro na Nyarugusu mkoani Geita, mtoto anayecheza chandimu hafikirii mguu wake. Anapiga tu, mpira unakwenda. Mtoto huyohuyo akipelekwa UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, akavalishwa jezi yenye namba na kuwekewa penalti mbele ya shule nzima, miguu inaweza kugoma. Wiki inayofuata inagoma tena, hata mazoezini.

Hapo watu wazima huanza kuharibu. Mmoja atasema ni mvivu, mwingine atasema sifa zimemlevya. Wa tatu atanong'ona kwamba amerogwa. Neno hilo lina nguvu, kwa sababu hata klabu kubwa za Ligi Kuu zimewahi kutozwa faini kwa vitendo vinavyoashiria imani za kishirikina, na watoto wa Geita na Shinyanga husikiliza redio. Ubaya wake ni kwamba mtoto akishaambiwa ana mkono wa mtu, ataanza kumtafuta mchawi miongoni mwa wenzake wanaompa pasi.

Hakuna mchawi. Mwili uliokwisha kujifunza hufanya kazi wenyewe. Hofu ikiingia, mtoto huanza kuusimamia mguu wake: ukanyage wapi, uelekee wapi. Anayeshuka mlima akihesabu kila hatua atajikwaa, na makelele ya kocha yanamwongezea hesabu.

Simone Biles wa Marekani, bingwa wa sarakasi za Olimpiki, yalimpata hayo Tokyo mwaka 2021: alikuwa akijizungusha hewani bila kujua yuko wapi. Alijitoa. Siku chache baadaye alirudi kwenye boriti, akashuka kwa mtindo rahisi usio na mizunguko aliyoiogopa, akapata shaba. Mwaka 2024 jijini Paris alichukua dhahabu tatu.

Serengeti Girls wa Tanzania nao waliinuka baada ya kuanguka: Oktoba 2022 kule India, walifungwa na Japani 4-0 katika mechi yao ya kwanza ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Mechi iliyofuata waliifunga Ufaransa 2-1, kisha wakafika robo fainali.

Msimu wa 2021/22 George Mpole aliibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 17 akiwa na Geita Gold, na ndoto ya mpira ikasogea hadi mlangoni mwa watoto wa Geita. Ni jambo jema. Ila mzazi aliyezoea kutia fedha kwenye duara la dhahabu na kusubiri liteme anaweza kumtazama mwanawe kwa jicho hilohilo, na mtoto hulisoma jicho hilo mapema.

Mtoto ambaye miguu yake imegoma, kwanza aulizwe kama kuna mahali panauma; kifundo kilichowahi kuteguka hakisahau upesi. Kisha kazi ipunguzwe: apige penalti akiwa hatua tano tu kutoka golini, bila kipa na bila watazamaji. Kipa aje baadaye, wenzake baadaye zaidi. Njiani kurudi nyumbani bao lisiulizwe. Hofu ikifika hadi usingizini na darasani, hilo limeshavuka mpira. Mtoto apelekwe kituo cha afya.

Na mzazi atakayekwenda uwanjani Jumamosi hii, iwe ni Uwanja wa Kambarage mjini Shinyanga au kiwanja cha shule, akae kimya kila mpira unapofika miguuni mwa mwanawe.