Mofini imfuate mgonjwa nyumbani

Mgonjwa wa saratani akiruhusiwa kutoka wodini, maumivu hayabaki kitandani. Anapanda nayo basi hadi kijijini, na huko ndiko familia hugundua kuwa chupa ya dawa itakwisha kabla ya siku ya kliniki. Panado za dukani hazifui dafu mbele ya uvimbe uliokwisha kuingia kwenye mifupa.

Uganda ililiona pengo hilo mapema. Mwaka 1993, Dk. Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Silaha yake kubwa ilikuwa mofini ya kunywa: unga uliochanganywa na maji na kutiwa rangi. Rangi si urembo. Ya kijani ina miligramu 5 katika kila mililita 5. Ya waridi ina nguvu mara kumi zaidi. Hata bibi asiyejua kusoma anajua ameshika chupa ipi. Mgonjwa hunyweshwa kila baada ya saa nne, bila kusubiri aanze kulia, na dozi ya kulalia huongezwa maradufu ili nyumba nzima ipate usingizi. Kwa kuwa mofini hufunga choo, hupewa pia dawa ya kulainisha. Ikikosekana, hutumika mbegu za papai zilizokaushwa.

Lakini nani ataiandika? Katika nchi nyingi kalamu hiyo ni ya daktari peke yake, naye daktari yuko mjini. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu ya wagonjwa mahututi, kuiandika. Uamuzi huo una uzito zaidi kuliko chupa yenyewe.

Wapo wanaohofia uteja, wakiitazama Marekani. Huko, hata hivyo, vidonge vikali viliandikwa kiholela kwa maumivu ya kila aina, kampuni za dawa zikichochea. Huku kwetu shida ni uhaba: tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1.

Ujuzi upo: Nairobi Hospice inahudumia wagonjwa tangu 1990, na Ocean Road ya Dar es Salaam ni taasisi ya saratani tangu 1996. Wizara za afya zianzie kwenye karatasi ya kumruhusu mgonjwa: iandikwe kituo cha afya kilicho karibu na kwake, na jina la muuguzi atakayemwandikia chupa ya pili.