Kama Humjui Poulin, Wewe Si Shabiki wa Canada

Swali ni moja tu, na usikimbilie Google. Ni mchezaji gani wa Canada amefunga bao la ushindi kwenye fainali tatu za hoki ya barafuni za Olimpiki?

Najua ushasema Crosby. Zii. Crosby alifunga moja, ile ya Vancouver 2010, na hakuna mtu anamnyima heshima yake. Gretzky? Gretzky hana hata medali moja ya Olimpiki kama mchezaji. Alienda mara moja tu, Nagano 1998, na Canada ikarudi nyumbani nambari nne.

Jibu ni Marie-Philip Poulin. 2010, 2014, 2022. Na hata 2018, mwaka ule Wakanada walipoteza kwa penalti, bado alifunga kwenye fainali. Fainali nne mfululizo, 2010 hadi 2022, na zote aliweka kitu wavuni. Hakuna mwanaume wala mwanamke mwingine aliyekuwa amewahi kufanya hivyo.

Kama hukujua, na una lile jani jekundu kwa profaili yako, na bio yako inasema wewe ni "Team Canada damu", basi hii posti ni yako. Kaa chini.

Wacha nieleze hasira yangu imetoka wapi. Mnakumbuka Februari 2025? Ile mashindano ya nchi nne, Canada, Marekani, Sweden na Finland. Trump alikuwa anashinda akisema Canada iwe jimbo la 51, ushuru juu ya ushuru, na watu wa Montreal wakazomea wimbo wa taifa wa Marekani hadi paa likataka kuruka. Mechi ikaanza, na ndani ya sekunde tisa za kwanza tayari zilikuwa zimepigwa ngumi mara tatu. Marekani wakashinda hiyo, 3-1. Halafu fainali ikapigwa Boston, kwao Wamarekani, ikaenda muda wa ziada, na Connor McDavid akaimaliza. 3-2.

Ilianza saa kumi alfajiri ya Ijumaa huku kwetu. Saa kumi! Na nyinyi mliamka. Niliwaona. Watu hawajawahi kuamkia CAT walikuwa macho wanaandika komenti kwa herufi kubwa. Wengine walienda darasani moja kwa moja na macho mekundu kama nyanya, na niliwapenda sana siku hiyo, sitadanganya. Nilidhani tumekuwa familia.

Miezi miwili ikapita. Tarehe 20 Aprili, Jumapili ya Pasaka, fainali ya Kombe la Dunia la wanawake, pale České Budějovice kule Czech. Nani na nani? Canada na Marekani. Siasa ni ile ile, Trump ni yule yule, uadui ni ule ule. Mechi ikaenda muda wa ziada kama ya Boston. Na safari hii haikuwa alfajiri, ilikuwa jioni yetu, saa ya mtu kulala kwa kochi tumbo limejaa chapati na hana mahali pa kwenda.

Kimya. TL yangu ilikuwa kimya kama msikitini. Canada wakapoteza 4-3 na sikupata hata mtu mmoja wa kulia naye. Nikauliza kwa grupu, jamaa mmoja akajibu baada ya saa mbili: "Ah, kumbe ilikuwa leo? Si ni ya madem."

Ni ya madem. Haya basi, tuongee.

Kwanza, Canada iliyokupa jeuri ni Canada gani? Hebu tuhesabu dhahabu za Olimpiki tangu wanawake waruhusiwe kucheza, yaani 1998, hadi Beijing 2022. Wanaume wana tatu: 2002, 2010, 2014. Wanawake wana tano: 2002, 2006, 2010, 2014, 2022. Mara mbili walizokosa dhahabu, walichukua fedha. Na kabla ya 2002, wanaume walikuwa wamekaa miaka 50 bila dhahabu ya Olimpiki, kutoka 1952. Kwa hivyo unapopiga kifua ukisema "sisi ndio hoki", huo mkono wako umesimamia medali za watu ambao majina yao huwezi kuyataja.

Halafu kuna Sochi. Manze, Sochi. Mimi nilikuwa mtoto na niliiona miaka baadaye kwa YouTube, lakini nimeirudia mara nyingi kuliko sinema yoyote. Tarehe 20 Februari 2014. Marekani wanaongoza 2-0, zimebaki dakika tatu na nusu hivi. Imeisha, si ndio? Brianne Jenner anarudisha moja. Canada wanamtoa kipa ili waongeze mshambuliaji, goli linabaki wazi kabisa. Mmarekani anausukuma mpira, yaani kile kisahani cheusi cha raba, kutoka mbali, unateleza polepole kuelekea goli tupu. Unateleza. Unateleza. Unagonga mlingoti na kubaki nje.

Nataka ufikirie hicho kitu kidogo. Sentimita chache tu, na hakuna stori.

Sekunde 54 zimebaki, Poulin anasawazisha. Muda wa ziada, Poulin tena. 3-2, dhahabu. Na unajua ilikuwa saa ngapi Nairobi ikianza? Saa mbili usiku. Saa ya taarifa ya habari! Fainali ya Beijing 2022 nayo ilianza saa moja na dakika kumi asubuhi, saa ya chai na mkate. Hao madem wako walikuja hadi mezani kwako ukiwa unakula, ukakataa kufungua mlango, halafu McDavid akakuamsha saa kumi alfajiri ukamfungulia na pijama. Usiniambie ni shida ya muda.

Sasa najua komenti zitakazokuja, kwa sababu ni zile zile. "Lakini hoki ya wanawake ni timu mbili tu, Canada na Marekani, nchi zingine zinapigwa tu." Kweli, dhahabu zote za Olimpiki kutoka 1998 hadi 2022 zilienda kwa hao wawili. Lakini soma historia ya wanaume kabla hujajichoma. Chamonix 1924, Canada walimpiga Czechoslovakia 30-0. Wakampiga Sweden 22-0. Wakampiga Switzerland 33-0. Thelathini na tatu, buda, hiyo si mechi, hiyo ni sensa. Kati ya 1920 na 1952 wanaume wa Canada walichukua dhahabu sita kati ya saba. Kuna mtu alisema mchezo ufutwe? Zii, leo mnaziita enzi za dhahabu. Lakini 2010, wanawake wa Canada walipoanza kuwapiga watu 18-0, rais wa kamati ya Olimpiki wakati huo, Jacques Rogge, alijitokeza kuonya kwamba mchezo wao hauwezi kuendelea hivyo bila ushindani kuboreka. Sweden wa wanaume walipewa miaka mingi ya kujifunza kupigwa. Wanawake walipewa onyo kwenye Olimpiki yao ya nne.

Na hiyo hiyo 2010, baada ya kushinda dhahabu, wasichana walirudi kwenye barafu uwanja ukiwa umebaki mtupu, na bia, shampeni na sigara kubwa. Dunia ikawaka. Ati Poulin alikuwa na miaka 18 na umri wa kunywa British Columbia ni 19. Shirikisho lao likaomba radhi rasmi. Wanaume wanaogeshana shampeni kila mwaka kwenye vyumba vya kubadilishia nguo na tunapost na emoji ya moto. Huyo mtoto wa miaka 18 alikuwa ametoka kufunga mabao yote mawili ya fainali, 2-0. Angenipata mimi ningemshikia hiyo sigara.

Hii dharau ni ya zamani. Kombe la kwanza la Dunia la wanawake lililotambuliwa na shirikisho la kimataifa lilichezwa Ottawa 1990. Unajua Wakanada walivalishwa rangi gani? Pinki. Timu ya nchi ambayo rangi zake ni nyekundu na nyeupe, bendera inajulikana dunia nzima, ikavalishwa jezi za pinki ili watu waje waone. Na watu walikuja, karibu 9,000 kwenye fainali, na hao wa pinki wakampiga Marekani 5-2.

Ndani ya ile timu kulikuwa na dada anaitwa Angela James. Mweusi, mtoto wa Toronto, alifunga mabao 11 kwenye mechi tano. Kumi na moja! Olimpiki ilipofika 1998 wakamwacha nje ya kikosi. Ilibidi hadi 2010 ndipo aingizwe kwenye Hockey Hall of Fame, mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kabisa. Kwa hivyo wale mnaoniambia "Mkenya unafuata mchezo wa wazungu", nawauliza: mnamjua Angela James? Mnamjua Sarah Nurse, ambaye babake ametoka Trinidad, aliyekusanya pointi 18 kwenye Olimpiki moja, Beijing, rekodi ambayo hakuna mwanamke mwingine alikuwa ameifikia? Upande wa wanaume, pasi ya bao la Crosby 2010 ilitoka kwa Jarome Iginla, mtoto wa Mnigeria. Mnapenda kuniambia huu mchezo hauna mtu wangu, na ni nyinyi ambao hamjaangalia kikosi. (Na wewe unayevaa jezi ya Arsenal, nyamaza tu. London ina ndugu yako gani?)

Tena huu mchezo uko hapa. Ice Lions wamefanya mazoezi miaka yote kwenye kile kiwanja kidogo cha barafu cha Panari, Mombasa Road. 2018 walipelekwa Canada kwa tangazo na wakacheza timu moja na Crosby na MacKinnon, na Septemba 2024 Kenya ikaingia kwenye shirikisho la dunia. Mimi nilianza kwa ile video. Ndio, nilianza kwa Crosby kama kila mtu. Ila video ikiisha, unaweza kuendelea kutafuta.

"Lakini hawagongani." Sawa, kwenye mechi za kimataifa za wanawake kumgonga mtu makusudi mwili mzima ni kosa. Tazama Canada na Marekani halafu uniambie umeona ustaarabu. Hao watu wanachukiana kwa roho safi. Na kwa sababu huwezi kumvunja mtu kwenye ukuta ukampora mpira, inabidi umpite kwa akili. Mimi napenda zote mbili. Kuna siku nataka ngumi na kuna siku nataka chesi.

"Hakuna mtu anawatazama." Tarehe 20 Aprili 2024, Montreal na Toronto, ligi ya wanawake, walijaza Bell Centre, watu 21,105. Hakuna mechi ya hoki ya wanawake iliyokuwa imewahi kuwa na watu wengi hivyo. Na hiyo ligi ilikuwa na miezi minne tu tangu ianze kucheza. Iliyokuwepo kabla yake Canada ilikaa miaka kumi bila kuwalipa wachezaji mshahara, halafu wakaanza kupewa kati ya dola 2,000 na 10,000 kwa msimu mzima, halafu 2019 ikafungwa. Mabingwa wa Olimpiki, wana kazi za mchana, wanafanya mazoezi usiku. Ligi ikafa, wachezaji kama 200 wakasema hawachezi popote Amerika Kaskazini hadi wapewe ligi ya heshima. Walikaa miaka karibu mitano wakingoja. Poulin mwenyewe alikuwa kwenye hiyo kundi, kwenye miaka yake bora kabisa ya kucheza, hana ligi.

Hapo ndipo mambo ya "nitaangalia tu highlights" yananiuma. Pesa za mchezo zinafuata macho. Kila anayeruka mechi zao kisha anasema hawalipiki, ni yeye ameshika mkono wa anayewanyima. Na sisi tunalijua hili bila kufika Toronto. Malkia Strikers wamechukua ubingwa wa Afrika wa voliboli mara nyingi kuliko nchi yoyote. Hebu nitajie wachezaji wao watatu. Nangoja.

Nimenunua jezi ya Canada Gikomba, nyekundu, haina jina mgongoni, mia sita baada ya kubishana sana. Nikaipeleka kwa fundi anipigie POULIN na nambari 29. Fundi akaniuliza huyo ni nani, nikamwonyesha ule mpira unaogonga mlingoti. Akasimamisha mashine. Aliiangalia hadi mwisho, akaniambia rudisha nyuma nione tena, na wateja wawili nyuma yangu wakaja kuchungulia juu ya bega langu.

Mechi ijayo ya wanawake, Canada na Marekani, naiweka kwa grupu wiki nzima kabla, na saa ya Nairobi imeandikwa. Yule wa "kumbe ilikuwa leo" nimeshamtag.