Betri ipimwe kabla ya kutupwa

Mpunga ukishauzwa, mkulima wa Ubaruku, wilayani Mbarali, ana orodha ndefu ya mahitaji: ada za watoto, mbolea ya msimu ujao, bati za nyumba na, siku hizi, betri ya sola. Wapo wanaonunua betri mpya kwa sababu tu kipimo cha ile ya zamani kimewadanganya. Jioni kioo kinaonyesha asilimia 60, na kabla ya saa nne usiku taa zimezimika. Fundi akiulizwa, jibu lake ni fupi: betri imekwisha, nunua nyingine.

Huenda ni kweli imekwisha. Huenda pia bado ina nguvu ya misimu miwili. Ubaya ni kwamba hakuna aliyeipima, na mkulima anatoa thamani ya magunia ya mpunga kwa kukisia.

Ikumbukwe kwamba kipimo kile hakioni umeme uliomo ndani ya betri kama mtu anavyochungulia petroli ndani ya tangi la pikipiki. Kilicho rahisi husoma volti tu na kukadiria asilimia. Kilicho bora zaidi huhesabu umeme unaoingia na unaotoka, kisha hulinganisha na ujazo ambao betri ilikuwa nao ilipotoka kiwandani. Hapo ndipo kosa linapozaliwa, kwani ujazo huo hupungua kadiri betri inavyotumika. Ni sawa na debe lililobonyea pande zote. Mwenye nalo anaendelea kuhesabu madebe kumi, kumbe mpunga uliomo ni wa madebe manane. Wakulima wa Bonde la Usangu, ambao lumbesa imewaumiza kwa miaka mingi, hawahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Mizani ya mnunuzi wa mpunga inatakiwa na Sheria ya Vipimo kuhakikiwa kila mwaka, na Wakala wa Vipimo ndiye mwenye kazi hiyo. Kipimo cha betri hakina wa kukihakiki isipokuwa mwenyewe na fundi wake.

Mafundi wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Wanasema kupima betri sawasawa ni kuijaza kabisa, kuitumia mpaka ikauke, kisha kuijaza upya, na mwenye kibanda cha kuchaji simu hawezi kufunga kazi kwa siku mbili tatu. Tena betri za risasi, ambazo bado zinatumika katika nyumba nyingi za vijijini, huharibika zikikaushwa. Kwa hiyo njia hiyo ya zamani humtia mteja hasara mara mbili.

Lakini njia hiyo si pekee. Vipimo vilivyomo ndani ya betri za kompyuta za mkononi, kama vile vya kampuni ya Texas Instruments ya Marekani, havisubiri betri ikauke. Husoma volti betri ikiwa imetulia, huhesabu umeme unaotoka, halafu husoma tena betri ikiwa imetulia kwa mara ya pili. Kinachotakiwa ni tofauti ya kutosha kati ya masomo hayo mawili, zaidi ya theluthi moja ya ujazo.

Fundi wa Ubaruku anaweza kufanya vivyo hivyo kwa betri ya risasi ya volti 12. Betri ikishajaa na kibanda kikafungwa jioni, sola ichomolewe kwanza, kisha nyaya za betri, na betri iachwe ipumzike hadi asubuhi. Volti isomwe, betri iliyojaa huonyesha takriban 12.7. Kazi iendelee mchana kutwa kwa betri peke yake, sola ikiwa bado imechomolewa, na umeme uliotumika uandikwe. Mzigo wa ampea 4 kwa saa 10 ni ampea-saa 40. Usiku wa pili betri ipumzishwe tena, na asubuhi volti isomwe. Ikiwa ni takriban 12.2, nusu ya betri imetumika. Basi kama nusu ni 40, betri nzima ni 80, hata kama ubavuni imeandikwa 100. Sola irudishwe mara moja, maana betri ya risasi haipendi kukaa na njaa.

Hakuna saa hata moja ya biashara iliyopotea. Kilichopotea ni jua la siku moja. Kipimo kinachokubali kurekebishwa kiandikiwe 80 badala ya 100, na asilimia zake zitaanza kusema kweli. Umeme hautaongezeka kwa kufanya hivyo, kama vile kupima debe kusivyoongeza mpunga, lakini mwenye nyumba atajua taa zake zitafika saa ngapi.

Betri mpya za lithiamu zina tabia nyingine. Zile za fosfeti ya chuma, ambazo zimeenea kwenye sola, volti yake haibadiliki sana kuanzia karibu kujaa hadi karibu kwisha, hivyo kusoma volti katikati hakusaidii. Kipimo chake hutegemea kuhesabu, na makosa madogo hujilimbikiza siku hadi siku mpaka betri ijae kabisa, ndipo hesabu inapojisahihisha. Wakati wa mvua, sola ndogo inaweza kukaa majuma bila kuijaza. Mkulima anayelala shambani kusubiri zamu ya maji ya mfereji ahakikishe betri yake imejazwa hadi mwisho kabla ya kuondoka nyumbani.

Kwa simu hesabu ni fupi. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, simu ya wakala imekuwa droo ya fedha, na ikizima ghafla ikionyesha asilimia 30 mteja huhamia kibanda cha pili. Itumike hadi ijizime yenyewe jioni moja, ichajiwe usiku bila kukatizwa hadi ijae. Isifanywe hivyo kila wiki, kwani huichosha. Kama bado inazima mapema, hapo fundi yuko sahihi, betri imechoka.

Wauzaji wa sola nao wana wajibu. Anayemwambia mkulima kwamba betri imekwisha aandike kwenye karatasi ujazo alioupima na tarehe aliyopima, hata kama atatoza ada kidogo kwa kazi hiyo. Mteja akiona 80 kati ya 100 atarudi nayo nyumbani. Akiona 35, atatoa fedha bila manung'uniko, na betri ya zamani ibaki kwa muuzaji anayejua pa kuipeleka, kwa sababu risasi na asidi yake havifai kumwagwa karibu na mifereji ya mpunga.