Sakafu Isiyofura

Jirani mmoja hapa Nchiru alitandikiwa mbao sebuleni siku ile ile lori lilipozishusha. Mvua za Novemba zilipowadia, zikafura na kuinuka katikati ya chumba. Karo ya binti ikaishia kwa fundi wa pili.

Je, msomaji, kosa lilikuwa wapi? Mbao na mianzi hufyonza unyevu wa hewani. Zilaze chumbani siku 3 kwanza, na simiti ikauke kabisa. Juu ya boriti, piga misumari. Juu ya simiti, tumia gundi. Lamineti hushikana zenyewe juu ya karatasi ya nailoni. Kwa zote, acha milimita 10 ukutani za kutanukia. Ubao wa pembeni utaficha ufa huo. Fundi akikuharakisha, mkumbushe: haraka haraka haina baraka.