Mwalimu anyonyeshaye apewe chumba na saa yake

Mkono mmoja haulei mwana. Methali hii huandikwa ubaoni mara kwa mara katika shule zetu, wanafunzi wakatakiwa kuitungia kisa, na walimu wa Kiswahili wakakesha wakisahihisha insha ambazo ndani yake jirani, shangazi na nyanya hushirikiana kumkuza yatima. Insha zenyewe aghalabu huwa nzuri. Lakini ukitoka darasani ukaingia katika majilisi ya shule iyo hiyo, ukamtafuta mwalimu aliyejifungua miezi minne iliyopita, yamkini utamkuta ameachwa na mkono wake mmoja. Leo ninataka kuuliza ni kwa nini shule, ambayo ndiyo hasa inayoifunza methali hii, imekuwa nzito kuitenda.

Nasema haya nikiwa mwalimu wa shule ya upili na mama wa mtoto ambaye ametimiza mwaka mmoja hivi karibuni. Asiyelea hudhani kwamba uchungu wa kuzaa ukipita kazi imekwisha. Kumbe ndipo inapoanza. Wiki za mwanzo mama hatofautishi usiku na mchana. Mtoto hunyonya kila baada ya muda wa saa mbili au tatu, chango linauma, mshono haumruhusu mzazi kuketi, na usingizi huja kwa vipande. Wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne mama huenda kliniki kwa chanjo, kijitabu cha mama na mtoto kikiwa mkononi, na usiku unaofuata pengine hukesha na homa ya mwanawe. Mwezi wa sita uji na ndizi iliyopondwa huanza. Mwezi wa tisa kuna chanjo ya surua. Katikati ya hayo meno yanaota, mtoto anakaa kitako, anatambaa, kisha siku moja anasimama dede na nyumba nzima inapiga makofi. Kuna furaha nyingi humo ambayo siwezi kuieleza ikatosha. Wapo pia akina mama ambao katika mwaka huo hushikwa na huzuni nzito isiyowatoka. Hayo ni maradhi, tena yanatibika, wala hayastahili kuitwa uvivu au ukosefu wa shukrani.

Katika safari hiyo ipo siku moja ngumu ambayo waajiriwa wote wanaijua, nayo ni siku ya kurejea kazini. Kliniki humwambia mama kwamba mtoto apewe maziwa ya mama pekee, pasipo hata maji, hadi atimize miezi sita, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Huo ndio ushauri ambao Shirika la Afya Duniani limekuwa likiutoa tangu mwaka wa 2001. Sheria nayo ina hesabu yake. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 1976 ilimpa mama likizo ya miezi miwili, tena kwa sharti kwamba aisamehe likizo yake ya mwaka. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 ikaiondoa dhuluma hiyo na kumpa miezi mitatu yenye mshahara kamili. Walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu walipiga hatua zaidi katika mkataba wa mwaka wa 2021, ambapo siku 90 za mama ziliongezwa zikawa 120, na siku 14 za baba zikawa 21. Walioajiriwa na halmashauri za shule na wamiliki wa shule za kibinafsi wana ile miezi yao mitatu, iwapo mwajiri anaiheshimu sheria.

Sasa na tufanye hesabu ambayo haimshindi mtoto wa shule ya msingi. Miezi sita ni kama siku 180. Ukitoa 120, mwalimu wa Tume amebakiwa na siku 60 ambazo kliniki inamtaka anyonyeshe, naye yuko ubaoni. Ukitoa 90, mwenzake wa shule ya kibinafsi amebakiwa na siku 90. Na kwa kuwa wengi huianza likizo kabla ya kujifungua, pengo lenyewe ni pana kuliko hesabu inavyoonyesha. Je, ni nani anayeliziba? Ni mama, kwa mwili wake.

Wanafunzi wa biolojia watanielewa upesi. Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto anaponyonya, au mama anapokamua, mwili hutoa homoni ya prolaktini inayoliamuru titi litengeneze maziwa mengine, na ile ya oksitosini inayoyasukuma yatoke. Yasipotolewa kwa muda mrefu, titi hujaa, likawa gumu, likauma, na pengine likapata uvimbe unaoleta homa. Hali hiyo ikiendelea siku baada ya siku, mwili huelewa jambo moja, kwamba maziwa hayahitajiki, nayo hupungua. Ndipo jamaa husema kwamba maziwa ya fulani yamekauka, kana kwamba ni kudra ya Mungu, ilhali yaliyakaushwa na ratiba ya vipindi.

Katika shule niliyorejea kufunza baada ya likizo yangu, mahali pekee palipofungika kwa ndani palikuwa msalani na katika stoo ya vitabu. Niliichagua stoo. Nilikamua maziwa nikiwa nimesimama kati ya maboksi ya chaki na vitabu vya Hisabati, leso begani, sikio likiingojea kengele. Kuna siku mkutano wa walimu ulirefuka ukala mapumziko yote, nikaingia Kidato cha Tatu kueleza ngeli ya U-ZI huku blauzi ikilowa, nami nimekumbatia daftari ya mahudhurio kifuani mfano wa ngao. Hakuna aliyenitukana. Kinyume chake, wenzangu walimnunulia mtoto nguo na kunitakia heri. Lakini heri hiyo haikuwa na nafasi katika ratiba. Aliyenifaa hasa ni mwalimu mmoja wa kiume, baba wa watoto watatu, aliyebadilishana nami kipindi cha baada ya mapumziko bila ya kuombwa, nikapata dakika ishirini za hakika kila siku. Dakika hizo ndizo zilizomfikisha mwanangu mwezi wa sita akiwa bado ananyonya maziwa ya mama pekee. Nimezitaja ili msomaji aone jinsi msaada unaotakiwa ulivyo mdogo.

Wala hatuombi hisani. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017, katika kifungu cha 71, inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea kazini, pawe na maji ya kunawa mikono, chombo cha kuhifadhi maziwa yasiharibike, umeme, meza ndogo na viti vya kustarehesha, na inasema wazi kwamba mahali hapo pasiwe msalani. Kifungu cha 72 kinampa mama mapumziko ya kunyonyesha au kukamua maziwa, mbali na mapumziko ya chakula, yasiyozidi jumla ya saa moja katika kila saa nane za kazi, na muda huo huhesabiwa kuwa muda wa kazi. Fauka ya hayo, Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya kimsingi. Haikumtoa mtoto wa mwalimu.

Tazama pia takwimu za taifa. Utafiti wa demografia na afya wa miaka ya 2008 na 2009 ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 32. Kufikia utafiti wa mwaka wa 2014 walikuwa asilimia 61. Hayo ni maendeleo makubwa, na wauguzi pamoja na wahudumu wa afya wa vijijini wanastahili pongezi. Lakini utafiti wa mwaka wa 2022 ulipata asilimia 60, maana yake ni kwamba kwa miaka minane tulipiga hatua papo hapo. Si akina mama wote wanaoshindwa kunyonyesha walio waajiriwa wa ofisini au shuleni. Wamo wachuuzi, wamo vibarua wa mashamba ya chai na maua. Hata hivyo naamini kwamba wengi wao wamekwisha kuelimishwa wakaelewa. Wanachokosa ni pahali na wakati, na hivyo viwili haviko mikononi mwao.

Wapo watakaosema kwamba mama zetu walitulea bila ya vyumba maalum. Ni kweli, lakini mama zetu walikuwa na watu. Walimu wengi wa zamani waliishi katika nyumba za shule; mtoto aliletwa na yaya au mpwa wakati wa mapumziko, akanyonya, akarudishwa. Kule pwani mzazi alikaa ndani siku arubaini akikandwa na kupikiwa. Bara alikuwa na mama mkwe na uji wake. Leo mwalimu amepanga chumba mjini, hupanda matatu mbili kabla ya kufika kazini, na mama yake mzazi yuko safari ya siku nzima. Mikono iliyokuwa ikimsaidia imetawanyika. Shule inayochukua saa zake za mchana haina budi kuwa mmoja wa mikono hiyo.

Wengine watauliza zitoke wapi fedha, ilhali madarasa yenyewe hayatoshi. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Lakini hatuzungumzii jengo jipya. Ofisi ya idara isiyo na mtu wakati wa mapumziko, ikitiwa kitasa, pazia, kiti, meza na ndoo ya maji yenye mfereji, inatosha kuanzia. Pasipo na jokofu, maziwa yaliyokamuliwa katika chombo safi hukaa muda wa saa nne hivi katika joto la kawaida la chumba, na katika kikasha chenye barafu hukaa kutwa. Kuhusu vipindi, mwalimu wa ratiba anayeweza kulipatia kila darasa vipindi vya maabara visigongane, hatashindwa kumwachia mwenzake nafasi mbili za nusu saa kwa miezi michache. Nani asiyejua usumbufu wa kutafuta mwalimu wa kushikilia masomo wakati mwenye masomo yuko hospitalini kwa uvimbe wa titi, au amekesha na mtoto anayeharisha?

Kuna mama mwingine shuleni ambaye wengi wetu hatupendi kumtaja, naye ni mwanafunzi. Ule utafiti wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Tangu mwaka wa 1994 sera ya serikali imekuwa kwamba msichana aliyejifungua arejee masomoni, na mwaka wa 2020 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kuwarejesha. Hata hivyo, aghalabu kurejeshwa huku huishia kwenye dawati. Sheria ya Afya, katika vifungu nilivyovitaja, inamlinda mama mwajiriwa. Msichana huyu hana mwajiri wala chama cha kumtetea. Huketi darasani tangu asubuhi hadi jioni, matiti yamejaa, aibu imemziba kinywa, kisha tunashangaa matokeo yake yakishuka. Watakaosema kwamba kumpa nafasi ni kumtuza kwa kosa lake, ninawaomba wamfikirie aliyeachwa nyumbani. Yeye hakukosa lolote, na njaa yake haingoji mtihani wa mwisho wa muhula. Chumba kitakachotengewa mwalimu kimfae na mwanafunzi huyu, chini ya uangalizi wa mwalimu wa ushauri.

Basi kila mmoja ana sehemu yake. Wakuu wa shule waisome Sheria ya Afya na kuitekeleza bila ya kungoja barua kutoka juu. Vyama vya walimu, vinapoketi kujadili mikataba, visiishie kwenye mishahara na marupurupu. Vidai pia chumba na saa, na vidai kwa niaba ya walimu wa halmashauri na wa shule za kibinafsi ambao sauti yao haifiki mezani. Walimu wa kiume wasiyaone haya kuwa mambo ya wanawake, kwa maana watoto hawa wana baba, na baadhi ya baba hao wamo majilisini. Nanyi wanafunzi, mwalimu akichelewa dakika tano kwa sababu hii, fungueni vitabu mwendelee kusoma, wala asiwepo wa kucheka.

Muhula ujao utakapoanza, halmashauri za shule zitakutana kuzungumzia karo, matokeo ya mitihani na basi la shule. Naomba paongezwe ajenda moja: chumba kimoja chenye kitasa, na saa ya mwalimu anyonyeshaye ikiandikwa katika ratiba kwa wino. Hapo tutakapowapa watahiniwa ile methali ya mkono mmoja, hawatahitaji kubuni kisa cha mbali, kwa kuwa watakuwa wameuona mfano wake hapo hapo shuleni.